Umbali Unaonunuliwa: Marubani wa vituo vya ng'ambo na kumbukumbu ya mkonge wa Morogoro

Shirika la ndege linapotangaza kwamba litafungua kituo kipya cha kazi katika nchi ya kigeni, taarifa kwa umma huzungumzia safari mpya, idadi ya ndege zitakazolala huko na ajira zitakazopatikana, ilhali chama cha marubani hulisoma tangazo hilohilo kwa kutafuta mambo ambayo kwa kawaida hayamo: jina la kampuni itakayotia saini mikataba, nchi ambayo sheria yake itatumika, na mahali ambapo rubani atahesabiwa kuwa ameajiriwa. Migogoro mingi ya aina hii huanzia katika mambo hayo matatu kabla haijafika kwenye mshahara, ambao katika kituo kipya unaweza hata kuwa mnono kuliko wa nyumbani.

Kituo cha kazi, kwa maana inayotumika katika usafiri wa anga, ni uwanja ambao mwajiri amempangia rubani kuanzia na kumalizia zamu zake, na ambako, katika hali ya kawaida, mwajiri halazimiki kumlipia malazi. Rubani wa kituo cha Nairobi akilala Mumbai yuko safarini, naye hulipiwa hoteli na posho. Rubani huyohuyo akihamishiwa kituo cha Mumbai, usiku uleule anaulala kwa gharama yake mwenyewe, kwa sababu kimkataba yuko kwake. Mashirika yana sababu za kweli za kutaka mpangilio huo. Saa za kuruka na za kupumzika zimewekewa mipaka na sheria za usalama, hoteli za ng'ambo ni ghali, na kumsafirisha rubani kama abiria ili tu afike ilipo ndege atakayoirusha ni kupoteza kiti na muda. Hakuna chama makini kinachozikana sababu hizo, lakini ipo faida nyingine inayoambatana na kituo kipya, isiyoandikwa katika mpango wowote wa biashara, nayo ni umbali: umbali kati ya mfanyakazi na sheria anayoijua, kati yake na chama chake, na kati yake na watu ambao wangempokea siku atakapokataa kazi.

Morogoro si mji wa mashirika ya ndege, na uwanja wake mdogo haujawahi kuwa kituo cha marubani wa safari za kimataifa. Hata hivyo, tambarare zilizo chini ya Milima ya Uluguru zina kumbukumbu ya zaidi ya nusu karne ya biashara hiyo ya umbali, na baadhi ya maneno ya sheria ya kazi ya Tanzania ambayo rubani wa leo angeyategemea yana asili katika mashamba ya aina iliyokuwa huko. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, na mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, ukaenea kandokando ya reli hiyo katika maeneo kama Kingolwira, Pangawe, Tungi na Kilosa. Mashamba yalihitaji wakataji wengi, na Waluguru walikuwa juu kidogo tu, kwenye miteremko inayoonekana kutoka shambani. Lakini wengi wao hawakushuka kutia saini mikataba mirefu.

Sababu yao inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa inaeleza jambo ambalo mjadala wa marubani hulipita haraka. Ardhi ya Uluguru ilishikwa na ukoo wa upande wa mama, uitwao lukolo, na mtu mwenye haki ya kulima katika ardhi hiyo alikuwa na migomba, mahindi na mboga, hivyo aliweza kuwauzia chakula walioko kambini badala ya kuingia kambini yeye mwenyewe. Akihitaji fedha za kodi aliweza kufanya kibarua cha muda mfupi na kurudi kwake. Watu hao hawakuwa wepesi wa kuamrishwa, kama serikali ya kikoloni ilivyojionea mwaka 1955 ilipowalazimisha kuchimba matuta milimani ikakutana na ghasia. Mwajiri alikuwa na shida ya kumshinikiza mtu ambaye kwao palikuwa karibu.

Ndipo wenye mashamba walipokwenda kutafuta watu wa mbali. Mwaka 1944 chama chao kiliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, ambayo iliwaleta watu kutoka magharibi, kusini na katikati ya nchi, wakiwamo Waha, Wabena, Wangoni na Wanyaturu, na hata kutoka Ruanda-Urundi. Manamba, kama walivyoitwa, waliingia mkataba wakiwa bado makwao, mbele ya ofisa aliyeuthibitisha, kisha wakasafirishwa hadi shambani ambako wangekaa kwa muda uliotajwa kabla ya kurudishwa. Sheria ya mwaka 1923 iliyohusu mabwana na watumishi wenyeji ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Mfumo mwingine, uliowahusu hasa waliofika wenyewe, ulikuwa wa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambazo mfanyakazi alipaswa kuzikamilisha ndani ya siku 42, na siku ambayo hakukata mkonge haikuandikwa kwenye kadi. Baadhi ya mikataba ya kisasa ya marubani, inayomlipa mtu kwa saa alizoruka tu bila kumhakikishia kima cha chini cha saa kwa mwezi, inarudisha swali lilelile la nani abebe hasara ya siku isiyo na kazi.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Kapteni wa Boeing halali katika nyumba za kambi, hafungwi jela kwa kuacha kazi, na leseni yake inaweza kumpatia mwajiri mwingine katika bara lingine. Kinachofanana ni muundo wa mkataba, na hasa uhusiano kati ya mahali mtu alipoajiriwa na mahali anapofanyia kazi, ambao Shirika la Kazi Duniani liliutungia kanuni mapema kwa ajili ya wafanyakazi wa aina ya manamba: mkataba namba 50 wa mwaka 1936, uliohusu uandikishaji wa wafanyakazi wenyeji wa makoloni, ulitaka gharama za safari zibebwe na mwandikishaji au mwajiri, na ule wa namba 64 wa mwaka 1939 ukaweka haki ya kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwajiri mkataba unapokwisha.

Wazo hilo halikufa na ukoloni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri katika kifungu cha 15 ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ambayo ndani yake mahali pa kuajiriwa na mahali pa kazi ni vitu viwili vinavyoandikwa mbalimbali. Kifungu cha 43 ndicho kinachoupa utengano huo uzito, kwa kuwa mfanyakazi anayeachishwa kazi mahali pasipo pale alipoajiriwa anapaswa kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au kulipwa gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu ya kila siku kwa kipindi chote kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Mwajiri anayechelewesha nauli anaendelea kudaiwa posho, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha umma kinachoshughulikia migogoro ya kazi na chenye ofisi mikoani, Morogoro ikiwamo, huyapokea madai ya namna hiyo kama kazi yake ya kawaida.

Kituo kipya cha ng'ambo huweza kuufuta utengano huo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuajiri marubani wapya hukohuko, mara nyingi kupitia kampuni tanzu au wakala wa ajira, ambaye ni kampuni inayomwajiri rubani kwa jina lake na kumkodisha kwa shirika la ndege, kiasi kwamba mahali pa kuajiriwa na mahali pa kazi panakuwa pamoja na haki ya kurudishwa inakosa pa kushika. Ya pili ni kuwaambia marubani wa zamani kwamba nafasi za kituo kipya ziko wazi kwao, ila kwa sharti la kujiuzulu kwanza na kuajiriwa upya. Sharti hilo hugusa orodha ya ukongwe kazini, yaani mpangilio wa marubani kwa tarehe ya kuajiriwa ambao katika mashirika mengi huamua nani apandishwe kuwa kapteni, nani achague ratiba na nani aanze kupunguzwa biashara inapodorora. Rubani wa miaka kumi na tano anayekubali kuhamia kwa mwajiri mpya anaweza kujikuta nyuma ya kijana aliyemfundisha mwenyewe. Huongezewa pia, mara kwa mara, deni la mafunzo: mwajiri hugharamia mafunzo ya aina mpya ya ndege na kumfunga rubani atumikie miaka kadhaa la sivyo alipe fedha hizo, jambo ambalo lina haki yake ikiwa muda ni wa wastani na deni linapungua kadiri miaka inavyopita, lakini ambalo katika kituo cha mbali hugeuka kuwa mlango unaofunguka upande mmoja tu.

Mahakama za nje zimekwisha kulishughulikia suala hili. Shirika la Cathay Pacific la Hong Kong liliwahi kuwapangia baadhi ya marubani wake vituo vya nje, huku ajira zao zikishikwa na kampuni tanzu iliyoitwa Veta. Rubani mmoja, Crofts, ambaye kituo chake kilikuwa London, alidai kuachishwa isivyo halali, na mwaka 2006 Baraza la Malord, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, likaamua kwamba anastahili kinga ya sheria ya Uingereza, kwa kuwa mtu ambaye kazi yake ni kwenda na kurudi hana mahali pengine pa maana pa kuhesabiwa isipokuwa kituo anakoanzia. Miaka kumi na moja baadaye, Septemba 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi unaokaribiana na huo kuhusu wahudumu wa ndani ya ndege wa Ryanair waliokuwa na kituo Charleroi, Ubelgiji, ambao mikataba yao ilitaja sheria na mahakama za Ireland kwa hoja kwamba ndege zilisajiliwa Ireland. Mahakama ilikataa kuufanya uraia wa ndege kuwa uraia wa kazi, ikasema kituo ni kielelezo muhimu cha mahali mfanyakazi anapofanyia kazi kwa kawaida. Shirika la ndege la Norwegian nalo liliwatumia wafanyakazi wenye kituo Bangkok walioajiriwa kupitia mawakala, na kampuni yake iliyosajiliwa Ireland ilipata kibali cha Marekani mwezi Desemba 2016 baada ya vyama vya marubani vya huko kupinga kwa miaka kadhaa, vikiita mpango huo bendera ya urahisi, msemo uliotoka baharini, ambako meli husajiliwa katika nchi yenye masharti mepesi. Watanzania hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa meli hizo, kwani mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar.

Maamuzi hayo mawili ya mahakama yanaonekana kuwa ushindi kwa wafanyakazi, na kwa Ulaya ni kweli. Lakini kanuni kwamba sheria ya kituo ndiyo inayotawala humlinda tu yule ambaye kituo chake kiko penye sheria nzuri. Rubani wa Afrika Mashariki anayepangiwa kituo katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi, angeumizwa na kanuni ileile iliyomwokoa mwenzake wa Charleroi, na angekuwa heri adai sheria ya alikoajiriwa. Oman, ambako Waswahili wana ndugu wengi, ni tofauti kidogo, maana vyama viliruhusiwa huko tangu mwaka 2006. Ndiyo maana chama cha marubani hakipaswi kuingia mezani na kanuni moja ya jumla, bali kinatakiwa kudai kwamba mkataba utaje sheria isiyopungua ile ya nyumbani, popote kituo kitakapokuwa.

Afrika Mashariki yenyewe ina historia chungu ya mwajiri aliyekuwa na makao nchi moja na wafanyakazi katika nchi nyingine. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari mwaka 1946 na kuendesha shughuli zake kutoka Nairobi, lilimilikiwa kwa pamoja na nchi za ukanda huu, kama yalivyokuwa mashirika ya reli, bandari na posta. Lilipovunjika mwaka 1977, Kenya na Tanzania zikaanzisha mashirika yao mwaka huohuo, lakini ndege na majengo viligawanywa kwa urahisi kuliko mafao ya watu. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi ya kupatanisha kuhusu mgawanyo huo kwa miaka kadhaa hadi makubaliano yalipotiwa saini Mei 1984, na humo ikaamuliwa kwamba kila nchi iwalipe raia wake pensheni zao, bila kujali walikuwa kituo gani. Kigezo hicho kilikuwa wazi katika karatasi. Utekelezaji ulikuwa kitu kingine, maana wastaafu wa Tanzania walilazimika kufungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, serikali ikakubaliana nao nje ya mahakama mwaka 2005, na hata baada ya hapo wazee wakaendelea kuonekana katika mitaa ya Dar es Salaam wakidai kwamba hawajalipwa yote. Morogoro na Kilosa, miji ya reli, ilikuwa na sehemu yake ya wazee hao.

Mafao ndiyo pia yaliyousukuma mgogoro mkubwa wa marubani wa karibuni katika ukanda huu. Tarehe 5 Novemba 2022 wanachama wa chama cha marubani wa Kenya, KALPA, waligoma dhidi ya Kenya Airways wakidai, pamoja na mambo mengine, kurejeshwa kwa michango ya mwajiri katika mfuko wa akiba ya wafanyakazi, iliyositishwa wakati wa janga la UVIKO-19, na kulipwa mishahara iliyoahirishwa. Shirika lilisema mgomo ungeligharimu takriban shilingi milioni 300 za Kenya kwa siku. Mahakama ikaamuru marubani warudi kazini asubuhi ya tarehe 9, nao wakarudi. Mgogoro huo haukuwa wa kituo cha ng'ambo, lakini unaonyesha kwa nini vituo hivyo vinawatia hofu marubani. KALPA iliweza kusimamisha safari kwa sababu karibu wanachama wake wote walikuwa na kituo kimoja, mbele ya mahakama moja, chini ya mkataba mmoja wa pamoja, yaani makubaliano ambayo chama huyafanya na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote. Kama theluthi moja ya marubani hao wangekuwa wameajiriwa na wakala katika nchi ya tatu, ndege zingeendelea kuruka, na mazungumzo yangekuwa ya namna nyingine.

Kwa upande wa Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inawapa marubani nafasi ambayo pengine hawaitambui. Kifungu cha 77 kinaorodhesha huduma muhimu ambazo wafanyakazi wake hawawezi kugoma kwa utaratibu wa kawaida, na katika orodha hiyo wamo waongoza ndege na wahudumu wa mawasiliano ya usafiri wa anga, pamoja na maji, umeme, afya na zimamoto, lakini marubani wa mashirika ya kibiashara hawakutajwa. Chama chenye wanachama walio wengi kazini kinaweza kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi katika majadiliano, na makubaliano yake na mwajiri yana nguvu ya kisheria. Nguvu yote hiyo, hata hivyo, inaishia mpakani mwa Tanzania Bara. Si lazima rubani apelekwe Dubai ili auvuke mpaka huo. Inatosha kituo chake kihamishwe kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, mwendo wa dakika ishirini angani, ambako ajira na mahusiano ya kazi vina sheria zake za mwaka 2005 na vyombo vyake vya kusuluhisha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama haki ya kufaidi hifadhi ya jamii ya huko, lakini haijibu swali la miaka aliyochangia alikotoka.

Hapo ndipo kazi ya chama inapopaswa kuanza, kabla kituo hakijafunguliwa na wakati mwajiri bado anawahitaji marubani wa zamani ili wawafundishe wapya. Makubaliano ya pamoja yanaweza kutamka kwamba vituo vyote, vilivyopo na vitakavyofunguliwa, vinaingia ndani yake; kwamba orodha ya ukongwe ni moja; kwamba mahali pa kuajiriwa panabaki palepale palipoandikwa siku ya kwanza hata mahali pa kazi pakibadilika mara tano; na kwamba shirika mama litawajibika kwa deni lolote ambalo kampuni tanzu au wakala atashindwa kulipa. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ambacho waajiri hukipinga kwa nguvu zaidi, nacho ndicho kisichofaa kuachwa, kwa kuwa wakala anaweza kufunga ofisi kwa wiki moja.

Kuna pia suala la muda, ambalo halina mvuto katika mikutano ya wanachama lakini huamua kesi nyingi. Mfanyakazi wa Tanzania Bara anayelalamikia kuachishwa kazi anatakiwa kupeleka mgogoro wake mbele ya Tume ndani ya siku 30, katika ofisi inayohusika na eneo ambako chanzo cha mgogoro kilitokea. Mkataji mkonge wa Kingolwira anajua ofisi hiyo iko mjini Morogoro, na anaweza kuifikia kwa daladala. Rubani aliyepokea barua ya kuachishwa akiwa kituo cha ng'ambo, kutoka kwa wakala aliyesajiliwa nchi ya tatu, atatumia sehemu kubwa ya siku hizo 30 akitafuta kujua kama ofisi ya namna hiyo ipo, na kama ipo, iko nchi gani.